Msichana wa Katwe na Mtihani wa Hisabati

Oktoba 2016, mamia ya wanafunzi wa sekondari jijini Kampala walipelekwa sinema. Wote walikuwa watahiniwa, wengine wa kidato cha nne na wengine wa kidato cha sita, na mtihani wa taifa ulikuwa umebisha hodi. Wazazi wengi wa kwetu Tanzania wangekuja juu. Mtoto wa darasa la mtihani huwekwa kambini, hukalishwa na vitabu alfajiri hadi usiku, hunyimwa hata mpira. Nani amtoe mchana kutwa akaangalie picha?

Aliyewatoa alikuwa mtafiti wa uchumi, Emma Riley, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Oxford. Aliwagawa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja liliona Queen of Katwe, filamu iliyokuwa imetoka wiki chache tu nyuma, inayosimulia maisha ya msichana wa Katwe, mtaa wa mabanda wa Kampala, aliyekuja kuwa bingwa wa sataranji. Kundi la pili liliona Miss Peregrine's Home for Peculiar Children, hadithi ya kubuni ya watoto wenye vipawa vya miujiza, isiyo na Kampala ndani yake wala mtoto wa kufanana nao. Kisha wote wakarudi shuleni, kwa walimu walewale na madaftari yaleyale.

Wale wa kidato cha nne waliingia kwenye chumba cha mtihani wa hisabati kama wiki moja baadaye. Matokeo yalipotoka, waliofeli hisabati kati ya walioona Queen of Katwe walikuwa wachache kuliko kati ya wenzao. Walionufaika zaidi walikuwa wasichana, na wale waliokuwa wakiburura mkia darasani. Riley aliendelea kuwafuatilia. Miaka iliyofuata wasichana walioiona filamu ile walibaki masomoni kwa wingi zaidi, hadi pengo kati yao na wavulana likaziba.

Haya yalitokana na kikao kimoja cha sinema. Ndani ya Queen of Katwe hakuna swali hata moja la aljebra, hakuna mwalimu wa ziada aliyeajiriwa, hakuna kitabu kilichonunuliwa. Kilichosogea kilikuwa ndani ya mtoto mwenyewe: aliona mtu wa kwao amefika, akaitumia wiki iliyobaki kama mtu mwenye sababu ya kusoma. Nimeshasikia mara nyingi watu wazima wakisema filamu ni upuuzi wa kupotezea muda. Matokeo ya Kampala yanatudai tuliangalie upya jambo hilo, tena kwa uzito, maana watoto wetu wanaangalia filamu tupende tusipende.

Msichana halisi wa filamu hiyo, Phiona Mutesi, alikuwa muuza mahindi. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, mama yake Harriet akabaki kuwalea watoto kwa biashara ya kuuza vyakula, na Phiona akaacha shule kwa kukosa ada. Siku moja alimfuata kaka yake hadi mahali ambapo Robert Katende, kijana aliyefanya kazi na shirika la Kikristo la michezo, aliwafundisha watoto wa Katwe sataranji na kuwapa uji. Wengi walifuata uji, na Phiona naye alifuata uji. Katika mchezo huo kete ndogo kuliko zote, ikifanikiwa kuvuka ubao mzima hadi ukingo wa upande wa pili, hugeuka malkia. Mwaka 2010 Phiona alikuwa Khanty-Mansiysk, Urusi, akiichezea Uganda katika Olimpiadi ya sataranji. Mwaka 2012 alirudi kutoka Istanbul akiwa na cheo cha kimataifa. Baadaye akasoma chuo kikuu nchini Marekani.

Ukiisimulia hivyo, kwa haraka, ni hadithi ya kupanda tu, na hadithi za kupanda tu hazimsaidii mtu aliye chini. Nguvu ya filamu iko mahali pengine. Mwongozaji Mira Nair, mzaliwa wa India ambaye Kampala ni nyumbani kwake kwa miaka mingi, hakuuficha mzigo. Mvua inanyesha, maji yanaingia ndani ya nyumba na kusomba kila kitu. Familia inafukuzwa kwenye chumba kwa kodi. Kaka anagongwa na pikipiki, na bili ya hospitali hailipiki. Dada mkubwa anaondoka na mwanamume mwenye pesa. Halafu Phiona anafika Urusi, anafungwa, anarudi amevunjika moyo, hataki tena kuugusa ubao. Harriet, aliyeigizwa na Lupita Nyong'o, anaogopa kwamba mwanawe ameonyeshwa maisha ambayo hatayapata, na sasa hawezi tena kuyakubali yale aliyonayo. Hofu hiyo ni ya kweli. Kila mzazi maskini anaijua, na filamu haimcheki Harriet kwa kuwa nayo.

Nalipenda jambo lingine pia. Hakuna mgeni anayeshuka kutoka mbali kuja kuwaokoa watoto wa Katwe. Katende, aliyeigizwa na David Oyelowo, ni Mganda mwenzao, mhandisi asiye na kazi ya uhandisi, anayegawana na mke wake kidogo walicho nacho. Madina Nalwanga, binti aliyepewa nafasi ya Phiona, alikuwa mchezaji ngoma wa Kampala ambaye hakuwahi kuigiza filamu, na yeye pia utotoni aliwahi kuuza mahindi barabarani. Mwishoni, majina yanapopita, kila mwigizaji anasimama kando ya mtu halisi aliyemwigiza. Lupita anasimama na Harriet mwenyewe, Nalwanga na Phiona. Mwanafunzi aliyeketi gizani anaambiwa kwa macho yake kwamba hawa wapo, na makwao ni mwendo wa daladala tu kutoka kwenye kiti alichokalia.

Ukaribu huo ndio kiini cha habari yote hii. Tumezoea kuwapa watoto vielelezo vya mbali: rais, mwanaanga, bilionea. Vielelezo hivyo vinapendeza kutazama, lakini havimwambii binti wa Manzese, Dar es Salaam, afanye nini Jumatatu asubuhi. Mtu hujifunza kwa kumwangalia aliye sawa naye, kwa umri, kwa shida, kwa lafudhi, akijaribu na kuanguka na kujaribu tena. Mwanasaikolojia Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford alilifanyia kazi jambo hilo kwa miongo mingi, na mafunzo yake yaliingia kwenye maigizo kupitia Amerika ya Kilatini.

Huko Peru mwaka 1969 kulikuwa na tamthilia ya televisheni iitwayo Simplemente María. María ni msichana wa shamba anayekuja mjini kufanya kazi za ndani. Usiku anasoma masomo ya watu wazima, anajifunza cherehani, hatimaye anakuwa mbunifu wa mavazi. Tamthilia ilipozunguka nchi za bara hilo, wasichana wa kazi walijiandikisha kwenye madarasa ya jioni, na cherehani za Singer zikanunuliwa kwa kasi. Hakuna aliyewaagiza. Mtayarishaji wa Meksiko, Miguel Sabido, aliliona hilo akajiuliza: kama limetokea bila kukusudiwa, vipi likikusudiwa? Mwaka 1975, akitumia mafunzo ya Bandura, akatoa Ven conmigo, tamthilia kuhusu watu wazima wanaojifunza kusoma. Sehemu moja ya igizo ilipoonyesha mahali pa kuchukua vitabu bure jijini Mexico City, siku iliyofuata watu walimiminika huko hadi barabara zikafungana.

Mbinu za Sabido zilifika Tanzania mwaka 1993 kwa njia ya redio. Wenye umri wa kutosha watakumbuka Twende na Wakati ya Redio Tanzania, na dereva wa lori aliyeitwa Mkwaju, mwenye mwanamke kila kituo, huku mkewe Tunu akihangaika nyumbani na watoto hadi alipojifunza kusimama kwa miguu yake. Mchezo ulirushwa nchi nzima isipokuwa eneo lililohudumiwa na mtambo wa Dodoma, ambako hadi mwaka 1995 kulirushwa vipindi vingine ili watafiti waweze kulinganisha. Tofauti ilionekana. Waliosikia mchezo walizungumza zaidi na wenzi wao juu ya uzazi wa mpango, na walikwenda zaidi kliniki. Mkwaju alikufa kwa UKIMWI, na Tanzania ya miaka ile haikuhitaji kuelezwa maana yake.

Nasema walizungumza na wenzi wao, na hapo napenda kukaa kidogo, kwa sababu ndipo igizo linapofanya kazi ambayo kitabu cha mafunzo hakiwezi. Mambo mengi yanayotuangamiza hatuyatamki. Mume na mke wanaweza kulala kitanda kimoja miaka ishirini wasizungumzie idadi ya watoto wanaowataka. Igizo linapoingia sebuleni, wanazungumzia habari za Mkwaju na Tunu, na kupitia kwao wanazungumzia habari zao wenyewe bila aibu.

Uganda tena, mwaka huohuo wa 2016, watafiti Donald Green, Anna Wilke na Jasper Cooper walifanya kazi katika vijiji 112. Walitumia vibanda vya video, vile ambavyo sisi tunaviita vibanda umiza: mabenchi, giza, joto, na mkalimani anayeitafsiri filamu ya Marekani papo hapo kwa Kiganda huku akiongeza chumvi yake. Watu waliingia bure kuangalia filamu za kawaida. Katikati ya filamu ziliwekwa tamthilia fupi za waigizaji wa Uganda. Vijiji vingine vilionyeshwa igizo kuhusu mwanamke anayepigwa na mumewe, na ndugu na majirani ambao mwanzoni wanajua na kunyamaza. Vijiji vingine vilionyeshwa mambo tofauti kabisa.

Miezi ilipita. Watafiti waliporudi, walikuta kwamba fikra za watu kuhusu uhalali wa kumpiga mke hazikuwa zimebadilika. Mtu anaweza kusema hapo kwamba kazi ilikuwa bure. Lakini wanawake walioona igizo lile walikuwa tayari zaidi kwenda kutoa taarifa, kwa wazazi wa mhusika, kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa polisi. Na wanawake waliosema kumekuwa na ukatili ndani ya nyumba zao katika miezi sita iliyofuata walikuwa wachache kuliko kule kwingine. Kilichokuwa kikiwafunga midomo kilikuwa hofu ya kuitwa wambea. Igizo liliwaonyesha jirani anayesema na kijiji kinachomsikiliza, na hilo pekee likatosha kulegeza fundo. Wapo wanawake ambao miili yao ilipona kipigo kwa sababu kulikuwa na igizo fupi katikati ya filamu ya kawaida. Sijui sifa gani kubwa zaidi ya hiyo inayoweza kupewa sanaa.

Ukizitazama habari hizi pamoja, kuna kitu kinajirudia ambacho waandaaji wa filamu za kuelimisha hukisahau. Kila mara kulikuwa na mlango jirani. Cherehani ilikuwepo dukani, na darasa la jioni lilikuwa wazi. Mtihani ulikuwa wiki ijayo, hivyo moto ulipata kuni kabla haujapoa. Tamthilia ya Shuga, iliyoanzia Nairobi mwaka 2009 na ambamo Lupita aliigiza kabla hajajulikana duniani, ilipofanyiwa utafiti baadaye nchini Nigeria ilikutwa kwamba vijana walioiona walikuwa na uwezekano karibu mara mbili ya wenzao wa kwenda kupima virusi vya UKIMWI. Walikuwa na kituo cha kwenda. Filamu ikikuamsha usiku na ukakosa pa kwenda asubuhi, utalala tena.

Nguvu hii haina dini; hutumika hata kwa ubaya. Mwaka 1915 D. W. Griffith alitoa The Birth of a Nation, filamu iliyowasifu wauaji wa Ku Klux Klan na kuwadhalilisha Wamarekani weusi, na kabla mwaka haujaisha kundi hilo lililokuwa limekufa lilifufuliwa upya Georgia, na filamu ile ikatumika kuandikisha wanachama. Anayesema filamu haziwezi kumbadilisha mtu na aieleze habari hiyo.

Kwetu Tanzania hatuanzi sifuri. John Riber, aliyetayarisha Neria ya Zimbabwe, filamu ya mjane anayenyang'anywa mali na shemeji yake, iliyotikisa kusini mwa Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1990, baadaye alihamishia kazi zake Dar es Salaam. Huko ndiko ilikotoka Chumo mwaka 2011, hadithi ya mapenzi ndani ya kijiji cha wavuvi inayobeba habari ya malaria kwa wajawazito, kisha Siri ya Mtungi. Kule Pangani, shirika la UZIKWASA limetengeneza filamu na watu wa Pangani wenyewe. Aisha ya mwaka 2015, iliyoongozwa na Chande Omar, inamfuata mwanamke aliyebakwa na kijiji kinachotaka mambo yaishe kimya. Ni filamu ngumu kuitazama, na ilipaswa kuwa ngumu.

Ila filamu zetu nyingi zina ugonjwa mmoja, wa kuhubiri. Mwovu anaugua au anafilisika, mzee mwenye kanzu anaingia, anatoa nasaha kwa dakika nne, na maandishi ya fundisho yanapita kwenye skrini. Mtazamaji anapewa jibu kabla hajapata nafasi ya kuuliza swali. Anatoka akijua waandaaji wanaamini nini, lakini hakukaa hata dakika moja ndani ya nafsi ya mtu anayeamua. Queen of Katwe inamwacha Phiona alie, anune, akose adabu kwa mama yake. Kwa hiyo anapoinuka, tunainuka naye.

Ipo filamu nyingine inayolijua hilo, ya maisha ya Mkenya halisi, The First Grader ya mwaka 2010. Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza Januari 2004 katika shule ya msingi Kapkenduiywo, Eldoret, akiwa na miaka 84, baada ya serikali ya Kibaki kufuta ada za shule za msingi. Alishona sare, akakata suruali iwe kaptura, akaketi na watoto wa miaka sita. Alitaka kusoma Biblia kwa macho yake mwenyewe. Oliver Litondo anamwigiza kwa ukaidi mtamu, na haombi huruma hata kidogo. Natamani kila darasa la elimu ya watu wazima lingeanza na filamu hiyo, tena kwa Kiswahili. Watafsiri tunao. Marehemu Lufufu alizitafsiri filamu za kigeni kwa sauti yake moja hadi Tanzania nzima ikamjua, na DJ Afro wa Kenya anavuta watazamaji mpaka leo. Watu hao wanaingia mahali ambapo hakuna wizara inayoingia. Inafaa wapewe filamu za namna hii, walipwe, waachwe wafanye kazi kwa mtindo wao.

Hadhira pia tunayo. Aliyeuona umati uliofurika viwanja vya Leaders Club mwezi Aprili 2012 kumuaga Steven Kanumba hawezi kusema Watanzania hawawapendi waigizaji wao. Kinachopungua ni hadithi zenye mizizi hapa, zilizotengenezwa kwa uvumilivu. Siti binti Saad alitoka Fumba akiuza vyungu kwa miguu hadi mjini Unguja, bila kujua kusoma, akafika Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo kwa Kiswahili. Bado namngoja kwenye skrini kubwa, filamu kamili, nyimbo zake zikiwa ndani.

Na yupo John Stephen Akhwari wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968, kwenye mbio za marathoni za Olimpiki jijini Mexico City, alianguka, goti likateguka, bega likaumia. Walioanza mbio zile na wakashindwa kumaliza walikuwa wengi, na miongoni mwao walikuwamo wasio na jeraha kama lake. Yeye alifungwa bandeji akaendelea, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, giza likiwa limeshaingia na watazamaji wengi wameshaondoka. Dunia inamjua kwa vipande vifupi vya picha vilivyopigwa jioni ile. Hatujawahi kumpa filamu ya saa mbili: kijiji, mazoezi kwenye miinuko ya Mbulu, safari, anguko, na kilomita zile zilizobaki, moja moja. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unakopesha wasanii, Bodi ya Filamu ipo, wakimbiaji wa Mbulu na Arusha wanaoweza kuigiza nafasi ile bila kufundishwa kukimbia wapo. Mwandishi wa muswada aanzie Mbulu, akae na wazee wanaokumbuka, aandike wanavyosema.